Jinsi ya kuanzisha kikundi cha kusaidia wagonjwa wa saratani ya mapafu na wanaowauguza

Maswali ni yale yale kila mara. Nianze na usajili au nianze na watu? Wafadhili nitawatoa wapi? Lazima niwe daktari? Haya, tuyajibu yote kwa mkupuo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanzisha kikundi kidogo kisicho cha biashara, Dar es Salaam au mji wowote wa Tanzania wenye hospitali ya rufaa. Aliye Kenya anaweza kufuata hatua nyingi humu, ila usajili wake unaongozwa na sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, na bima yake ni ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya huko.

Kabla hatujaenda mbali: usinakili kikundi cha saratani ya matiti. Vikundi vile vina nguvu kwa sababu vimejaa waliopona, wanaokuja mwaka baada ya mwaka na kuwatia moyo wapya. Saratani ya mapafu mara nyingi hugundulika ikiwa imeshasambaa. Mwaka 2022 pekee, duniani waligundulika watu wapatao milioni 2.5 na waliofariki walikuwa kama milioni 1.8. Mgonjwa wako anahema kwa shida, anachoka, na huenda asifike kikao cha tatu. Kwa hiyo wanaobeba kikundi hiki ni wanaouguza: mke, binti wa kwanza, mpwa aliyeacha kibarua ili ashinde hospitali. Panga kila kitu ukiwafikiria wao. Ukipanga ukitegemea wagonjwa ndio watakaohudhuria, utajikuta unahutubia viti.

Cha kuwa nacho kabla ya kuanza

- Watu watatu au wanne mnaoaminiana. Angalau mmoja awe amewahi kuuguza mgonjwa wa saratani, lakini asiwe ametoka msibani juzi. Mwacheni apumue kwanza.
- Mtaalamu mmoja wa afya aliyekubali kupigiwa simu mnapokwama. Muuguzi wa tiba shufaa (ile ya kupunguza maumivu na dalili) anafaa kuliko profesa, maana anapokea simu.
- Laini ya simu ya kikundi, si namba yako binafsi.
- Daftari mbili, moja ya watu na moja ya pesa. Zisichanganywe.
- Mahali pa kukutania: chini, si ghorofani, choo kiwe karibu, madirisha yawe mapana, na jirani asiwe mama lishe anayewasha kuni au mkaa.
- Fedha kidogo ya nauli na vocha, hata kama ni mchango wenu wenyewe.

Ofisi, nembo, fulana na tovuti huvihitaji kwa sasa. Nimeona vikundi vilivyozinduliwa kwa keki na fulana, na hakuna mgonjwa aliyewahi kupata namba yao.

Hatua ya 1: Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali

Usianzie wodini. Dar es Salaam mlango wako wa kwanza ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwanza ni Bugando, Moshi ni KCMC. Andika barua kwa uongozi wa hospitali, ukurasa mmoja tu: ninyi ni nani, mnataka kufanya nini, siku gani, watu wangapi. Nakala ipeleke idara ya ustawi wa jamii, kisha uombe kuonana na afisa huyo ana kwa ana.

Huyu ndiye anayejua nani amekwama kwa nauli, nani hana ndugu mjini, na nani anahitaji msamaha wa gharama. Mwulize: "Wagonjwa wa mapafu wanakwama wapi zaidi hapa kwenu?" Jibu lake ndilo mpango kazi wenu.

*Tahadhari:* Msipige picha wodini, hata ya ukumbusho. Na msiingie bila ruhusa ya maandishi kwa sababu tu mnafahamiana na nesi wa zamu. Zamu ikibadilika, ruhusa imeisha.

Hatua ya 2: Andikeni mnachofanya na msichofanya

Karatasi moja inatosha. Upande wa kwanza, mambo matatu mnayoweza kuyafanya kila wiki bila kushindwa. Kwa mfano: kusindikiza wagonjwa kliniki, kikao kimoja kwa mwezi, na kupiga simu nyumbani. Upande wa pili: hatutoi dawa, hatulipii vipimo, hatutafsiri majibu ya daktari, hatuuzi wala kupendekeza tiba yoyote.

Upande wa pili ndio utakaowaokoa. Mtu mwenye ndugu anayekata pumzi ataomba kila kitu, na ni haki yake kuomba. Lakini mkiahidi kipimo cha siti skani kwa mmoja, kesho watakuwa kumi.

Hatua ya 3: Ifundishe timu swali moja la kutouliza

Swali lenyewe ni: "Kwani alikuwa anavuta?"

Ndilo la kwanza kumtoka kila mtu, na mgonjwa ameshaulizwa na shemeji, na jirani, na aliyekaa naye kwenye benchi la eksirei. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uvutaji wa tumbaku unahusika na takriban asilimia 85 ya saratani za mapafu, hilo halipingiki. Lakini wapo wasiowahi kushika sigara: waliovuta moshi wa mume miaka thelathini, waliofanya kazi kwenye vumbi la mawe migodini, waliokata mabati ya asbesto, na wengine ambao sababu haijulikani kabisa. Na aliyevuta naye? Huyo pia anahitaji mtu wa kumshika mkono akipanda bajaji. Daktari atauliza kwa sababu inamsaidia kutibu. Ninyi hamtibu.

Kama bado anavuta, msimsute. Kuacha hata baada ya kugundulika kunasaidia matibabu yafanye kazi vizuri zaidi, na hilo lisemwe mara moja, kwa upole, kisha aelekezwe kwa mhudumu wa afya wa kumsaidia kuacha.

Mkiwa na wanachama kutoka Urambo au Sikonge mtakuta tumbaku ndiyo iliyowasomesha watoto. Msianze kuhubiri kuhusu kilimo chao mbele ya mgonjwa.

Mazoezi: kaeni wawili wawili, mmoja awe mgonjwa. Msikilizaji haruhusiwi kusema "usijali", "utapona tu", wala "hata shangazi yangu alikuwa hivyohivyo". Dakika tano zitaonekana ndefu. Hapo ndipo mtajua nani anafaa kupiga simu na nani akae kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Anzeni kwa kusindikiza

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukinipa kikundi chenye uwezo wa kufanya jambo moja tu, nitachagua hili.

Mgonjwa wa mapafu huzunguka sana kabla ya kupata jibu. Kikohozi, homa za jioni, kupungua uzito, makohozi yenye damu: dalili hizi ni za kifua kikuu pia, na nchi yetu ina kifua kikuu kingi, kwa hiyo ni sawa kwamba TB hupimwa kwanza. Shida inakuja mtu anapomaliza dozi ya miezi sita, vipimo vya makohozi havikuwahi kuonyesha vimelea, na bado anakohoa vilevile. Huyo asiambiwe na kikundi kwamba ana saratani. Asaidiwe kurudi kwa daktari na kuuliza: "Kuna kipimo kingine?" Na *asiachishwe dawa za TB* na yeyote asiye daktari. Magonjwa haya mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Namna ya kusindikiza:

1. Siku moja kabla, piga simu. Hakikisha tarehe, saa, na jengo.
2. Mwambie abebe bahasha yote: picha za eksirei, za siti skani, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa), cheti cha mwisho, kadi ya bima kama anayo. Watu huacha picha kubwa nyumbani kwa sababu zinakunjika kwenye daladala. Wape mfuko mgumu wa plastiki, ule wa kubebea ramani. Majibu ya kinyama yapigiwe kopi tatu siku yanapotoka.
3. Fikeni mapema. Anayehema kwa shida hawezi kukimbilia foleni, kwa hiyo msindikizaji ndiye apange mstari, mgonjwa akae.
4. Ingia na mgonjwa kwa daktari ikiwa tu yeye mwenyewe amekubali. Kazi yako mle ni kuandika.
5. Mkitoka, kaeni kivulini msome pamoja kilichoandikwa. Kitu kisichoeleweka, rudi ukaulize siku ileile.

Maswali ya kuandika kwenye daftari kabla hamjaingia: Ni aina gani, ya seli ndogo au nyingine? Imefika wapi? Matibabu haya yanalenga kuponya au kupunguza dalili? Je, kinyama kinaweza kupimwa vinasaba? (Baadhi ya saratani za mapafu, hasa kwa wasiovuta, zina mabadiliko yenye dawa zake za vidonge. Kipimo na dawa ni ghali na havipatikani kila mahali, ila swali ni bure.) Mionzi ni siku ngapi? Hili la mwisho ni muhimu kwa anayetoka mkoani, maana ndilo linaloamua atalala wapi na kwa muda gani.

Kuhusu gharama: asiye na bima wala uwezo aelekezwe kwa ustawi wa jamii akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji chake. Barua hiyo ifuatwe *kabla* ya safari. Kumrudisha mgonjwa Namtumbo kufuata mhuri ni ukatili.

Hatua ya 5: Endesheni kikao cha kwanza

Dakika tisini, basi. Jumamosi asubuhi, jua halijakolea. Wekeni viti vyenye mgongo na meza mbele ya mgonjwa. Akiegemeza viwiko mezani na kuinamia mbele kidogo, anahema kwa nafuu. Msipake marashi makali na msichome udi, wala msipokee mtu mwenye kikohozi kipya bila kumvisha barakoa. Aliye kwenye tibakemia (dawa kali za saratani), mafua yako ya kawaida yanaweza kumlaza.

Gaweni kikao vipande viwili. Kwanza wote pamoja, na muuguzi azungumzie jambo moja la vitendo, si somo la saratani kwa ujumla. Halafu wagonjwa wabaki kwao na wanaouguza waende chumba kingine. Msiruke hili. Mke hawezi kusema "nimechoka, kuna usiku natamani yaishe" mbele ya mumewe, na mume hawezi kusema anaogopa mbele ya mke. Wakitenganishwa, yote hayo hutoka.

*Tahadhari:* Kila kinachosemwa kinabaki humo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya si za kuchezea. Daftari ya watu inafungiwa, na majina hayaendi kwenye kundi la WhatsApp bila mtu kukubali. Wengine hawajawaambia hata watoto wao.

Hatua ya 6: Wafundisheni wanaouguza mambo ya nyumbani

Hapa mtaombwa kurudia mara nyingi kuliko popote.

*Kukosa pumzi.* Mketishe mgonjwa, mgongo umeegemea mito, dirisha wazi. Chukua kipepeo cha ukili, kile kile cha kupepelea mkaa (kikiwa kimeoshwa), ukae ubavuni na umpepee polepole, upepo upite shavuni na puani. Hewa ya ubaridi usoni hupunguza hisia ya kukabwa, na hili limethibitika kitaalamu, si faraja tu. Feni ndogo ya mkononi inafanya kazi hiyohiyo. Mwambie atoe pumzi taratibu kwa midomo iliyobana, kama anayepoza chai. Watu sita kumzunguka kitandani wakimsomea dua kwa sauti humwongezea hofu. Dua isomwe sebuleni.

*Maumivu.* Mofini ya maji ni dawa halali, na ikitolewa na daktari kwa kipimo sahihi haimuui mgonjwa wala haimaanishi kwamba amekatiwa tamaa. Inapunguza hata hisia ya kukosa pumzi. Uganda imekuwa ikiitumia kwa wagonjwa wa majumbani tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993. Inafunga choo karibu kila mtu, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Ifungiwe mbali na watoto. Na kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi mkoani, ulizeni ataipata wapi kule.

*Oksijeni.* Ikiwa mmepewa mtungi au mashine nyumbani, jiko, mshumaa, kiberiti na sigara vitoke nje ya chumba kabisa. Moto karibu na oksijeni huwaka kwa kasi ambayo hamtaiwahi.

*Dalili za kukimbiza hospitali bila kusubiri kliniki:* kukohoa damu nyingi. Uso na shingo kuvimba. Miguu kuishiwa nguvu ghafla au mkojo kujitokea. Degedege au kuchanganyikiwa. Na kwa aliye kwenye tibakemia, homa ya nyuzi 38 au zaidi. Andikeni hizi kwa herufi kubwa, mbandike mlangoni mwa chumba cha mgonjwa pamoja na namba ya bajaji anayekubali kuja usiku.

Hatua ya 7: Wekeni utaratibu wa pesa mapema

Watu watatu wa sahihi, wawili lazima wasaini. Pesa isikae kwenye simu ya mwenyekiti. Kila nauli iliyotolewa iandikwe: tarehe, kiasi, safari ya wapi, sahihi ya aliyepokea. Hesabu isomwe kila kikao, hata kama ni elfu nane.

Nauli mpeni msindikizaji, msimtumie mgonjwa fedha taslimu kila mwezi. Mkianza hivyo mtakuwa mfuko wa mikopo.

Makampuni ya tumbaku yakija na hundi, kataeni. Tanzania imeridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na hata bila mkataba, mtasimamaje mbele ya mjane? Wauza virutubisho nao wakataeni. Hao huja na sabuni na mchele kwanza, bidhaa baadaye.

Hatua ya 8: Sajilini, sasa kwa kuwa kuna cha kusajili

Miezi sita ya kazi ikionekana kwenye daftari, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao, na orodha ya wanachama. Kusajiliwa kama kikundi cha kijamii kunatosha kwa muda mrefu. Usajili wa shirika lisilo la kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, unawadai taarifa ya kazi na ada kila mwaka. Ufuateni pale mfadhili wa kweli anapoutaka, si kabla. Na mkitaka kuchangisha hadharani, ulizeni kwanza halmashauri taratibu za kibali.

Elimu kwa umma ije mwisho kabisa. Novemba ni mwezi wa saratani ya mapafu na utepe wake ni mweupe. Tarehe 1 Agosti ni siku yake duniani. Mchague moja.

Mambo yakikwama

*Hakuna anayekuja.* Hesabu simu mlizopiga, si vichwa vilivyokuja. Kwa ugonjwa huu, simu ya dakika kumi jioni ni kikao kamili. Vikundi vingine huendeshwa nusu kwa simu na vinafanya kazi nzuri sana.

*Familia imemficha mgonjwa ugonjwa wake.* Msimwambie ninyi, na msimdanganye pia. Akiuliza, jibuni: "Ungependa tumwombe daktari akueleze?" Halafu zungumzeni na familia pembeni. Mara nyingi mgonjwa anajua zamani na anawaficha wao.

*Kuna mwanachama anasambaza dawa ya mitishamba kwenye kundi.* Wanaokumbuka misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu wanajua mtu mwenye maradhi yasiyotibika yuko tayari kusafiri umbali gani. Msimdhihaki anayejaribu. Ombeni tu amwambie daktari anachokunywa, kwa sababu baadhi ya mimea hugongana na dawa. Kuuza kwenye kundi ni marufuku, onyo moja kisha anaondolewa.

*Hospitali imesitisha ruhusa.* Usibishane getini. Omba sababu kwa maandishi, endeleza simu na vikao vya nje, kisha rudi kwa barua mpya baada ya kurekebisha. Mara nyingi chanzo ni picha iliyorushwa mtandaoni.

*Vifo vinafuatana na timu imenyong'onyea.* Wekeni sheria kwamba anayempoteza mgonjwa aliyekuwa akimsindikiza hapewi mwingine kwa mwezi mzima. Kikundi kiende msibani na watu wawili na rambirambi ndogo iliyopangwa kikatiba, sawa kwa wote. Wafiwa wapigiwe simu wiki ya sita, wageni wakiwa wamekwisha ondoka. Namba ya marehemu iondolewe kwenye kundi baada tu ya kuiuliza familia. Wengine huitumia kusoma ujumbe wa zamani.

*Mnaombwa mfungue tawi mkoani.* Bado. Mtumieni anayeomba daftari tupu, karatasi ya hatua ya 2 na orodha ya dalili za hatari, aanze na mgonjwa mmoja kwenye hospitali ya mkoa wake. Akiwa bado anapiga simu baada ya miezi mitatu, zungumzeni naye.